Sugu, mabega na randa: zote ni ishara?

SWALI: Naandika maelezo ya picha ya penseli ya mzee seremala: "Sugu za mikono yake ni ishara ya kazi, mabega yaliyoinama ni ishara ya uchovu, na randa iliyolala kando ni ishara ya ujana uliopita. Picha ina hisia ya huzuni." Je, nimetumia "ishara" na "hisia" sawasawa?

JIBU: Ishara imekaa mahali pake mara moja tu, kwenye randa.

Sugu ni alama. Kazi yenyewe imeziacha kiganjani, kama jeraha linavyoacha kovu. Mabega ni dalili: uchovu hatuuoni, tunaukisia, na tunaweza kukosea, kwani hata uzee huinamisha mabega. Ndiyo maana dalili hukubali neno "huenda". Randa, kwa upande wake, haikuletwa na ujana. Mchoraji angeweza kuiacha, lakini ameichora isimamie jambo kubwa kuliko yenyewe. Hapo sema ishara, au taashira kama wasemavyo wahakiki wa fasihi.

Hisia ni za mwenye moyo, na karatasi haina moyo. Andika "picha imetawaliwa na huzuni" ukieleza kilichochorwa, au "picha inatia huzuni" ukieleza kinachompata mtazamaji. "Toni" iepuke hapa: darasani ni msimamo wa mtunzi, lakini kwa wachoraji ni kiwango cha weusi na weupe, na msomaji atachanganyikiwa. Chagua pia uzito wa huzuni yenyewe. Majonzi yananuka msiba. Mzee aliyebaki peke yake na randa yake, neno lake ni ukiwa.

Mwaka 1882, mjini The Hague, Uholanzi, mchoraji Vincent van Gogh alichora kwa penseli mzee mwenye upara, ameketi kitini, viwiko mapajani, uso ameufukia katika ngumi. Mtu akiandika "uso wake umejaa huzuni" amekosea, maana uso hauonekani. Dalili zote ziko kwenye ngumi na mgongo. Mchoro huo Van Gogh aliupa jina la Kiingereza, Worn Out. "Aliyechoka" ni tafsiri hafifu, kwa sababu uchovu huisha kwa kulala. Mimi ningeandika "Aliyechakaa", neno la nguo na vyombo vilivyotumika mno. Kumwambia mtu hivyo kunauma, na mchoro ule unauma vivyo hivyo.