Taka Ufaransa: meya au jumuiya ya manispaa?

Ndugu, umeuliza kwa nini meya wa kijiji unachoishi Ufaransa amekuambia kwamba suala la pipa lako la taka halimo mikononi mwake. Amekueleza ukweli. Nchi hiyo ina manispaa karibu 35,000, nyingi zikiwa na wakazi wachache mno kumudu hata lori moja la taka, ndiyo maana sheria inazitaka zijiunge katika jumuiya za manispaa, ambazo tangu mwaka 2017 ndizo zenye jukumu la kuzoa taka. Peleka barua yako huko. Hata hivyo, usimwache meya kando, kwani katika manispaa zenye wakazi wasiofikia 1,000 yeye ndiye wa kwanza kuketi katika baraza la jumuiya, na anaweza kukusemea.