Usitume hiyo pesa kabla hujawabebesha sinia

Usitume hiyo pesa. Nimesoma swali lako na jasho limenitoka. Unazindua juisi yako ya tangawizi na ndimu pale ufukweni Casuarina, Malindi, wageni 150, na wahudumu wanane umeshawachagua kwa picha za WhatsApp ulizotumiwa na wakala. Ijumaa unalipa nusu. Halafu unatuuliza wavae sare ya rangi gani, wawe wanawake peke yao au wachanganyike na wanaume, na cheti cha afya ni lazima? Cheti ni lazima, wanaopakua chakula na vinywaji hupimwa kila miezi 6. Hayo mengine yasubiri.

Mimi ni mtu wa Amu, yaani Lamu mjini. Nilipozindua juisi yangu ya ukwaju niliita watu 90: wenye hoteli za Shela, wenye maduka ya Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, na wazee wa mtaa ambao bila baraka zao huuzi hata maji. Shughuli ilikuwa darini, juu kabisa ya nyumba, chini ya makuti, kuanzia saa kumi baada ya laasiri. Mtu mmoja wa Mombasa anayejiita mtaalamu wa matangazo akaniambia, "Juisi haijiuzi, sura ndiyo inauza." Mtaalamu! Siku ile alikuwa Nyali anakula samaki kwa pesa yangu. Akanipa wasichana sita, warefu, weupe wa meno, 4,000 kila mmoja kwa siku. Juu ya hiyo weka nauli ya basi mpaka Mokowe, boti ya kuvuka, kulala siku mbili na kula. Nilikuwa nimeshapita 50,000 kabla mgeni hajaonja tone.

Na hapa nyumbani nilikuwa na binamu yangu na wenzake, vijana wanaopitisha masinia ya pilau kwenye kila harusi ya mtaani. Niliwakataa. Mmoja nilimkataa kwa sababu ana pengo. Ndiyo, mimi mwenyewe, mwenye kitambi hiki.

Wasichana walifika wamevaa mchuchumio. Amu! Vichochoro vya punda na mitaro, mchuchumio! Hilo lilikuwa la kuchekesha tu. Msiba ulikuwa ngazini. Barafu na madumu ya juisi nilikuwa nimeyaweka chini uani, maana nani atapandisha barafu yote ile darini? Na ngazi za nyumba zetu za kale mnazijua: za mawe, nyembamba, zimesimama wima, zina kona, na kila kidato kina kimo chake. Sasa piga hesabu ambayo mimi sikuipiga. Glasi 12 za robo lita ni kilo 3 za juisi peke yake. Ongeza uzito wa glasi na sinia, umepita kilo 5, na mtu amebeba kwa mikono miwili kama anayebeba mtoto mchanga, macho yote kwenye glasi, mguu hauoni unakokanyaga. Sinia la kwanza halikufika juu. Lilisikika likishuka kidato kwa kidato. Glasi zenyewe nilikuwa nimeziazima kwa shangazi, zile za harusi.

La pili lilifika, na afadhali lisingefika. Sikiliza hapa vizuri maana ndipo pesa yangu ilipozama. Wageni huchukua glasi za upande wao. Hakuna anayenyoosha mkono kuvuka sinia. Zikitoka tatu upande mmoja, upande wa pili unakuwa mzito na sinia linainama. Mwenye kazi yake hubeba kwa kiganja cha kushoto chini katikati, zikishachukuliwa glasi mbili za upande mmoja anazungusha sinia kidogo, au kwa mkono wa kulia anavuta zilizobaki katikati. Hata hasemi, mkono unajua wenyewe. Yule binti hakuwahi kufundishwa. Wazee watatu wamekaa kwenye mkeka, kila mmoja kachukua yake, na glasi zote tisa zilizobaki zikaenda kumwagikia kanzu ya mzee wa nne. Kanzu nyeupe ya kupigwa pasi. Ukwaju. Mnajua ukwaju unavyokaa kwenye nguo nyeupe.

Binti akalia, na sikumlaumu wala simlaumu leo. Yeye aliambiwa anakuja kupigwa picha. Aliyemdanganya yeye ndiye aliyenidanganya mimi.

Tukabaki tunapandisha glasi nne nne. Mwenye hoteli mmoja akauliza kama juisi ina sukari ya kuongezwa, mkewe ana kisukari. Akajibiwa, "Sijui, tumeletwa tu." Nilikuwa hatua tatu kutoka pale nafuta mkeka. Kufika kumi na mbili barafu imekuwa maji, nusu ya watu hawajapata kitu, na adhana ya magharibi haimngoji mwenye juisi. Dari likabaki karibu tupu. Yule wa hoteli alikuwa amesema atachukua kreti 20 kwa wiki. Mpaka leo hajachukua hata moja.

Kwa hiyo: mbebeshe sinia kabla hujamlipa. Glasi 12, maji theluthi mbili, sinia lako mwenyewe. Mimi nilikuwa na ngazi, wewe una mchanga, basi atembee kwenye mchanga, hatua 50 kwenda na kurudi, na katikati umtume mtoto amkatize njia. Akirudi, wewe na jamaa zako chukueni glasi tatu za upande mmoja bila kumwambia. Mtazame mkono. Kisha muulize juisi ina nini ndani. Anayefaulu mchukue, awe mrefu, mfupi, au ana pengo. Wakala akikwambia wasichana wake hawafanyi majaribio, mwambie na pesa yako haifanyi.

Binamu yangu alikuja kuniokoa saa ile ile, na wenzake, wamevaa vikoi. Walipanga mstari ngazini, sinia likapita mkono kwa mkono mpaka darini. Waliokuwa bado wapo ni wanane, pamoja na mzee wa kanzu. Wiki iliyofuata nilimpelekea kanzu mpya. Akaipokea, akasema juisi anaisikia inasifiwa na angependa siku moja naye ainywe.