Maswali na Majibu: Ovadrafti niliyoiacha Uingereza, je, deni limekufa?

SWALI: Shikamoo mshauri. Nilisoma Leicester, na nilipoondoka Uingereza mwaka 2017 akaunti yangu ya mwanafunzi ilikuwa na ovadrafti ya pauni 1,500, yaani nilikuwa nimetumia zaidi ya salio langu. Sasa nafanya kazi Doha. Mwezi uliopita kampuni ya kukusanya madeni imeniandikia barua pepe kwamba imelinunua deni hilo, limefika pauni 1,870, na inaniomba nilipe walau pauni 10 "kuonyesha nia njema". Rafiki yangu anasema miaka sita imeshapita, deni limekufa, nikae kimya. Mwingine anauza barua ya kufuta deni kwa pauni 150. Desemba nitapitia London. Nitakamatwa uwanja wa ndege?

JIBU: Marahaba. La uwanja wa ndege tulimalize kwanza: hukamatwi. Deni la benki Uingereza ni shauri la madai, si jinai. Hofu hiyo umeiokota huko Ghuba, ambako mahakama za nchi kadhaa huweza kumzuia mdaiwa asisafiri. Deni lako haliko huko.

Kinachonichosha ni hiyo miaka sita. Kila wiki napata barua ya namna hii, na kila mwandishi anaizungumzia kama eda: ikiisha, uko huru.

Sita hizo ziko tatu, na hazianzi siku moja. Ipo ya sheria ya ukomo ya mwaka 1980 ya England na Wales, inayompa mdai miaka sita ya kufungua kesi ya mkataba. (Ungesoma Scotland ingekuwa mitano, na huko deni hufutika lenyewe. England linabaki, ila halidaiki tena mahakamani.) Ipo ya taarifa za mikopo: alama ya kushindwa kulipa hukaa kwenye kampuni zinazotunza taarifa hizo, Experian, Equifax na TransUnion, miaka sita kisha huondolewa, umelipa hujalipa. Na ipo ya daftari la hukumu, ambako hukumu nayo huonekana kwa miaka sita. Rafiki yako amezikoroga zote kwenye sufuria moja, kisha akaanza kuhesabu tangu siku uliyoondoka. Kupanda ndege hakuanzishi hesabu yoyote ya kisheria.

Ovadrafti hulipwa pale benki inapoidai, kwa hiyo saa ya ukomo kwa kawaida huanza siku benki ilipochoka na kuandika kudai salio lote. Akaunti ya mwanafunzi haifungwi siku ya mahafali. Mara nyingi hugeuzwa ya mhitimu, kikomo kikapunguzwa kidogo kidogo, riba ikaanza kuingia, na barua ya kudai ikaja miaka miwili au mitatu baadaye. Halafu jiulize: uliwahi kutuma hata pauni 20 ukiwa Doha ili kupunguza? Kila malipo ya sehemu, na kila kukiri deni kwa maandishi yenye saini, kukifanyika kabla ya miaka sita kutimia, hurudisha saa kwenye sifuri. Ndiyo kazi ya zile pauni 10 unazoombwa kwa upole. Kama muda ulikwisha kutimia, malipo hayo hayawezi kulifufua, lakini wewe hujui bado uko upande gani wa mstari, na wao huenda wanajua. Deni kuuzwa, kwa upande mwingine, hakuongezi wala kupunguza hata siku moja.

Hata hesabu yote hiyo inaweza kuwa kazi bure, na hili ndilo watu hawataki kulisikia. Ukomo humzuia mdai kufungua kesi. Haumgusi aliyekwisha kufungua na kushinda. Kanuni za mahakama za England huruhusu nyaraka zipelekwe kwenye makazi ya mwisho ya mdaiwa yanayojulikana. Yako ni wapi? Chumba cha bweni. Bahasha inaangukia kwa mwanafunzi wa muhula mpya asiyekujua, siku 14 za kujibu zinapita, na hukumu ya upande mmoja inatoka. Wewe unahesabu miaka, mwenzako ana hukumu kabatini. Na hukumu haizeeki upesi: baada ya miaka sita mdai huhitaji kibali cha mahakama kwa baadhi ya njia za kuikaza, yaani kuitekeleza, lakini haijafa.

Nilimhudumia dada mmoja aliyerudi Manchester kwa kazi baada ya kujificha miaka mitano kwa ushauri wa kikundi cha WhatsApp. Alipotaka kupanga nyumba, wakala akamwonyesha hukumu yenye jina lake. Hukumu ya namna hiyo hutenguliwa, kwa fomu ya N244, ikiwa una utetezi wenye nafasi ya kushinda au sababu nyingine nzuri, na mahakama hutazama pia kama ulikuja upesi baada ya kujua. Utetezi alikuwa nao. Upesi hakuwa nao: alikaa nayo miezi minane akisubiri "ife" ndipo akaja kwangu. Ombi lilikataliwa.

Kwa hiyo usilipe hiyo kumi, na usikae kimya. Anza na daftari la hukumu la Registry Trust. Linatafutwa mtandaoni kwa ada ndogo, kwa kila anwani uliyowahi kuishi. Usipojiona humo usishangilie mno, maana hukumu iliyopita miaka sita imekwisha kuondolewa kwenye daftari. Chukua pia taarifa zako za mikopo, ni bure, uone tarehe ya alama. Kisha iandikie kampuni: tarehe benki ilipodai salio lote, tarehe ya malipo ya mwisho, nakala ya taarifa ya kuuzwa kwa deni, na kama kuna hukumu. Andika wazi kwamba barua hiyo si kukiri deni. Na uwape anwani yako ya Doha. Ndiyo, wape. Mdai mwenye sababu ya kuamini kwamba umehama hatakiwi kutupa nyaraka bwenini na kuondoka; ni lazima achukue hatua za maana kujua ulipo. Anwani unayoificha ndiyo kinga yako.

Ikibainika muda umepita na hakuna hukumu, waandikie kwamba hutalipa kwa sababu ya ukomo. Kanuni za mamlaka ya huduma za fedha, FCA, zinawataka waache kudai baada ya hapo. Ikibainika haujapita, zungumza nao bei. Mnunuzi wa madeni hulinunua deni chini ya thamani yake, na wengi hukubali pungufu kwa mkupuo. Pata kwanza maandishi kwamba kiasi hicho kinamaliza deni lote, ndipo utume.

Sasa huyo wa barua ya pauni 150. Kutoa ushauri wa madeni kama biashara Uingereza kunahitaji idhini ya FCA, na daftari la wenye idhini liko wazi kwa yeyote, mtafute humo. National Debtline, huduma ya ushauri wa madeni, wana barua za mfano bure, zilizoandikwa na watu wanaojua. Nimezisoma kadhaa za hawa wauzaji. Moja ilianza: "Kuhusu deni langu la pauni 2,300…", na mahali pa saini chini. Mteja alikuwa amebakiza miezi mitano miaka sita itimie. Alilipia ili amsainie mdai ushahidi wa kuanza upya.

Na mnaohitimu mwaka huu: kabla ya kurudisha funguo za chumba, iandikieni benki anwani mpya na mbaki na nakala.