Kituo cha Uuguzi na Utengamao Kipimwe kwa Saa Zisizo na Mazoezi

Wanaoniuliza kuhusu vituo vya uuguzi na utengamao, yaani kumrudishia mgonjwa uwezo wa kujihudumia, huanza na mashine zilizopo na jina la daktari. Mimi huwarudisha kwenye hesabu ya siku ya mgonjwa. Mtaalamu wa viungo huwa naye saa moja, pengine mbili, tena mara nyingi ni siku za kazi tu. Saa zinazobaki, zaidi ya ishirini, mgonjwa yuko mikononi mwa wauguzi na wahudumu wanaomgeuza, wanaomlisha, wanaombadilisha nguo na kumpeleka msalani. Nilimuuguza mama yangu baada ya kiharusi, kwa muda mrefu akiwa kituoni, na tangu hapo nimewasindikiza ndugu na marafiki kwenda kukagua vituo. Kila mara nimeona jambo lile lile: mtu hupona au huharibika katika zile saa ambazo chumba cha mazoezi kimefungwa.

Chukua jambo dogo la kuhama kutoka kitandani kwenda kwenye kiti. Asubuhi mtaalamu anamfundisha mgonjwa asogee ukingoni mwa kitanda, akite miguu sakafuni, ainame mbele, kisha ainuke kwa kutegemea mguu wenye nguvu. Anajikongoja, anatoa jasho, lakini anainuka. Jioni mhudumu ana wagonjwa wengi wanaomsubiri, anamkumbatia kwapani na kumbeba kama gunia hadi kwenye kiti. Mwili wa mgonjwa umefundishwa masomo mawili kwa siku moja, na hilo la jioni ndilo linalorudiwa mara nyingi zaidi. Wiki zinapita, ripoti inasema anashiriki mazoezi vizuri, na nyumbani mnashangaa kwa nini hawezi kusimama.

Kwa aliyepooza upande mmoja kuna hatari nyingine. Misuli inayolishikilia bega hulegea, na kila anapovutwa mkono ule uliopooza, kichwa cha mfupa husogea kidogo kutoka mahali pake. Mama alianza kulalamika bega la kushoto linamuuma. Faili lilikuwa safi. Nilipokaa naye wakati wa kubadilishwa nguo ndipo nilipoona blauzi inavyoingizwa: mkono mzima kwanza, kisha ule mgonjwa unavutwa kulifuata tundu la mkono la pili. Inatakiwa kinyume chake. Mkono uliopooza ndio unaotangulia wakati wa kuvaa, na ndio unaokuwa wa mwisho wakati wa kuvua. Nilimwambia muuguzi kiongozi wa zamu, naye hakunibishia wala hakunituliza kwa maneno matamu. Alimwita mtaalamu wa viungo, wakawakusanya wahudumu kando ya kitanda, wakaonyeshana, na karatasi ya maelekezo ikabandikwa ukutani. Kituo kile kilikuwa na kasoro zake, lakini siku hiyo kilinipa sababu ya kukiamini.

Ndiyo maana ukienda kukagua, swali lako muhimu usimwulize mkurugenzi. Mwulize mhudumu aliye wodini: huyu mgonjwa anahamaje kutoka kitandani? Anakula chakula cha aina gani? Akijibu papo hapo, tena kwa undani, ujue maelekezo ya wataalamu yanawafikia wanaofanya kazi. Akikwambia subiri nikamwulize bosi, umekwisha jibiwa.

Maendeleo nayo yadai kwa vipimo. Kauli ya "anaendelea vizuri" haikusaidii chochote. Kipo kipimo cha Barthel, kilichochapishwa mwaka 1965, ambacho kinaangalia shughuli 10 za kila siku, miongoni mwake kula, kuoga, kuvaa, kwenda msalani, kuhama kitandani, kutembea na kupanda ngazi. Jumla yake ni alama 100. Vipo vingine pia, na kituo kina hiari ya kuchagua chake. Wewe omba alama za siku aliyopokelewa, kisha uliza zimebadilika wapi. Zikiwa zimesimama mahali pamoja, mtaalamu mzuri atakueleza sababu na atakachobadilisha. Mimi hupenda swali rahisi zaidi: ni kitu gani anaweza kufanya mwenyewe sasa ambacho wakati ule hakuweza?

Kisha soma mwili wa mgonjwa wako, kwa sababu mwili haupangiwi usafi siku ya wageni. Anza na visigino, kiuno chini karibu na mkia, nyonga, kisogo, na nyuma ya masikio kama anatumia mpira wa oksijeni. Vidonda vya kulalia huanza pale ambapo mfupa unaibana ngozi dhidi ya godoro au kiti. Kwenye ngozi nyeupe utaona wekundu usiofifia ukiubonyeza kwa kidole. Kwenye ngozi nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani, na wauguzi wasiokuwa makini hupitwa hapo. Tafuta mahali palipoiva rangi kuliko pembeni, au penye joto, au pagumu kuliko ngozi ya jirani. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anatakiwa ageuzwe kwa ratiba, hata usiku wa manane. Hili si jipya. Ludwig Guttmann alipoanza kuwahudumia majeruhi wa uti wa mgongo huko Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944, alisimamia wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa 2, mchana na usiku, katika zama ambazo wengi wa majeruhi hao walikuwa wakifa kwa vidonda na maambukizi. Leo ratiba hupangwa kulingana na hali ya mgonjwa na aina ya godoro, ila lazima iwepo, na karatasi yake ijazwe kwa saa halisi. Ukiikuta imejazwa kwa wino mmoja na mwandiko mmoja hadi kesho asubuhi, sema neno.

Naongeza hili kwa kuwatendea haki wauguzi: kidonda kinaweza kutokea hata penye uangalizi mzuri, hasa kwa mgonjwa aliyedhoofika sana. Tofauti ni kwamba kituo kizuri hukigundua mapema, hukipima, hukiandika, na hukuarifu. Kituo kibaya kinasubiri harufu.

Mezani ndipo nilipojifunza zaidi kuliko mahali pengine popote. Baadhi ya watu waliopata kiharusi, hasa kinachogusa upande wa kulia wa ubongo, hupoteza habari za upande wa kushoto wa dunia yao. Macho yanaona, lakini akili haishughuliki na kilicho huko. Mama alikuwa anakula nusu ya sahani ya kulia na kuacha ya kushoto bila kuguswa. Kwenye karatasi yake mhudumu wa kwanza aliandika kwamba hana hamu ya kula. Mhudumu mwingine, mama mmoja mtulivu ambaye sitamsahau, aliizungusha tu ile sahani, na mama akaendelea kula. Wote wawili walikuwa na sare ile ile na mafunzo yale yale. Huyu wa pili alikuwa anamtazama anayemlisha. Tangu hapo, nikiingia kituoni wakati wa chakula, natazama ni wangapi wanaolisha wakiwa wameketi usawa wa macho ya mgonjwa, na ni wangapi wamesimama na kijiko mkononi huku wakizungumza na mwenzao.

Angalia pia anavyomeza. Mgonjwa wa kiharusi anatakiwa apimwe umezaji kabla hajapewa chakula au maji kwa mdomo, maana chakula kikipotea njia na kuingia mapafuni huleta nimonia, na nimonia huua. Awe ameketi wima anapokula, na abaki hivyo kwa muda baada ya hapo. Akimaliza, kinywa kisafishwe. Chakula hujificha shavuni upande uliopooza bila yeye kujua. Kikombe cha maji kiwe upande anaouweza, mahali mkono unapofika. Vikombe vilivyojaa mezani, mbali na mkono wa mgonjwa mwenye ulimi mkavu, vimenikasirisha zaidi ya ukuta wowote uliobanduka rangi. Na uzito uandikwe. Kupungua asilimia 5 kwa mwezi mmoja, yaani kilo 3 kwa mtu wa kilo 60, ni jambo la kuitia timu nzima kikao.

Kuhusu msalani nitakuwa mkali. Mtu anayejua kwamba amebanwa na anaweza kusema, asivalishwe nepi kwa sababu tu wahudumu ni wachache. Akizoeshwa nepi, uwezo wa kujizuia hupotea, ngozi huchubuka, na heshima yake huumia kwa namna ambayo hatakusimulia. Mpira wa mkojo nao uwe na sababu na tarehe ya kuutoa, kwa kuwa kila siku unayokaa huongeza hatari ya maambukizi.

Wodi tulivu kupita kiasi hunitia shaka. Ukiona wazee wamesinzia vitini saa nne asubuhi, uliza wanameza nini. Dawa za magonjwa ya akili wakati mwingine hutolewa kwa wenye upungufu wa kumbukumbu ili wasisumbue, ingawa mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo mwaka 2005 kwamba baadhi ya dawa hizo huongeza hatari ya kifo kwa wazee wa aina hiyo, na mwaka 2008 ikalipanua onyo hilo. Zipo hali ambapo zinahitajika kweli. Basi uliza nani ameiandika, kwa dalili ipi, na itaangaliwa upya lini. Mgonjwa aliyechanganyikiwa ghafla jana, ilhali juzi alikuwa na akili timamu, anahitaji kutafutiwa chanzo: maambukizi, mkojo kuziba, choo kigumu, upungufu wa maji, au dawa mpya.

Nahofia vilevile kituo kinachojigamba kwamba hakuna anayeanguka. Anayejifunza kutembea anaweza kuanguka. Njia ya uhakika ya kuzuia watu wasianguke kabisa ni kuwazuia wasiinuke, na mwili uliolazwa hupoteza misuli haraka. Ninachopima ni kinachofuata baada ya kuanguka. Je, walikupigia simu wenyewe, au uliona jeraha ulipokuja kutembelea? Walikwambia saa, mahali, alikuwa anafanya nini, nani alimchunguza, na nini kitabadilika kuanzia sasa? Anayekueleza habari mbaya kabla hujaiuliza huyo unaweza kumwachia mama yako usiku.

Ziara yako ya kwanza huenda ikawa ya mgeni njoo mwenyeji apone: shuka mpya, sakafu inang'aa, kila mtu anatabasamu. Ifanye, kisha rudi jioni, na urudi tena mwishoni mwa juma. Simama ukumbini usikilize kengele zinalia kwa muda gani kabla mtu hajaitikia. Harufu ya mkojo chumbani asubuhi inaeleweka, kwani watu wanabadilishwa. Harufu iliyokaa kwenye kuta ni habari nyingine. Uliza usiku muuguzi mmoja anabeba wagonjwa wangapi, na wahudumu wa wodi hiyo wameajiriwa kwa muda gani. Pakiwa na sura mpya kila wiki, hakuna atakayejua kwamba sahani ya mama inazungushwa.

Kazi hii ni nzito, na wanaoifanya mara nyingi hulipwa kidogo. Wasalimu kwa majina. Waambie mgonjwa wako alikuwa nani kabla ya kuugua, analala upande gani, anapenda kuitwaje. Ukiwa na malalamiko, andika kilichotokea, tarehe, saa na zamu, uanze na muuguzi kiongozi, kisha upande juu usiposikilizwa. Malalamiko yenye saa na tarehe hushughulikiwa; yale ya "hamtujali" huishia kwenye kupoozana hasira.

Wiki za mwisho kabla ya kurudi nyumbani ndizo zinazoonyesha kama kituo kilikuwa kinamwandaa mgonjwa au kilikuwa kinamtunza tu. Kituo kinachojua kazi yake kitawaita ninyi mtakaomhudumia, kiwafundishe kumhamisha, kumvisha, kumlisha na kumgeuza, na kiwaache mfanye wenyewe huku mtaalamu akiwatazama na kuwasahihisha. Kitauliza choo cha nyumbani kikoje, kuna ngazi ngapi, nani atakuwa naye mchana. Wasipowaita, ombeni, na msikubali tarehe ya kuruhusiwa kabla yule atakayelala naye chumba kimoja hajamhamisha kwa usalama mbele ya mtaalamu. Mkitoka, chukueni orodha ya dawa pamoja na ile iliyoachishwa na sababu yake, uzito wake wa mwisho, maelezo ya ngozi ilivyo siku hiyo, na namba ya simu ya wodi ambayo hupokelewa hata usiku.