Bahasha ya COBRA: usiitupe, wala usikimbilie kuilipa

Nilipunguzwa kazi katikati ya Agosti, kwenye ghala moja hapa Columbus, Ohio. Bahasha ilifika mwanzoni mwa Septemba. Ilikuwa nyembamba, imetoka kwa kampuni nisiyoijua hata kwa jina, nami nikaitia kwenye rundo la vipeperushi vya pizza linalosubiri pipa. Mke wangu ndiye aliyeiokota.

"Baba Salma, mbona hii ina jina langu pia? Hukuifungua?"

Sikuifungua. Ndani mlikuwa na haki ya kuendelea na bima ya afya ya kazini kwa miezi 18 baada ya kazi kuisha. Waajiri wengi huwapa mawakala wa nje shughuli hii, ndiyo maana jina juu ya bahasha huwa geni. Sheria yenyewe, COBRA, ilitiwa saini na Rais Reagan mwaka 1986. Inawabana waajiri wenye wafanyakazi 20 na zaidi. Kama kampuni yako ni ndogo kuliko hapo, uliza sheria ya jimbo lako, maana majimbo mengi yana ya kwake na muda hautoshani.

Sasa bei. Kwenye karatasi ya mshahara nilikuwa nakatwa dola 210 kila wiki mbili, nami miaka yote nikaamini hiyo ndiyo gharama ya bima yetu watatu. Barua ilisema dola 1,836 kwa mwezi. Nilidhani wamekosea nukta. Hawakukosea: mwajiri ndiye aliyekuwa akilipa sehemu kubwa kimyakimya, na ukishatoka unaubeba mzigo wote mwenyewe, pamoja na asilimia 2 ya usimamizi. Ukiwa bado kazini unaweza kujua bei hii leo hii. Chukua fomu yako ya W-2, ile ya mshahara na kodi za mwaka anayokupa mwajiri, tazama kisanduku cha 12, tafuta herufi DD. Hiyo ndiyo gharama nzima ya bima kwa mwaka. Yangu ilisoma dola 20,900 na ushee, tena nilikuwa nayo kabatini tangu Januari. Ningeigawa kwa 12 nisingepigwa na butwaa.

Wengi wetu tukiona bei hiyo tunafanya moja kati ya mawili: tunaichana barua, au tunalipa siku hiyohiyo kwa woga. Yote mawili ni haraka. Una siku 60 za kuamua, zinazohesabiwa tangu bima ilipokatika au tangu tarehe ya ile barua, ipi iliyochelewa. Ukikubali, unapewa siku nyingine 45 za kutoa malipo ya kwanza. Na ukishalipa, bima inarudi nyuma hadi siku ile ilipokatika, kana kwamba haikukatika kamwe. Ila utadaiwa miezi yote ya katikati, usije ukasema hukuambiwa. Jambo jingine: kuna sehemu ya kutia saini kwamba huitaki. Iache wazi. Ukiikataa kwa maandishi unaweza kubadili nia kabla siku 60 hazijaisha, lakini hapo wana ruhusa ya kukuanzishia siku uliyobadili nia, bila kurudi nyuma.

Kilichotuokoa sisi kilikuwa ukurasa wa nne, sentensi moja tu: kila mwanafamilia ana haki ya kuamua peke yake. Mke wangu alikuwa amepangiwa upasuaji wa uvimbe kwenye kizazi mwezi wa Oktoba. Vipimo vya masika vilishamaliza kile kiasi cha mwaka tunachopaswa kulipa wenyewe kabla bima haijaanza kulipa. Kumhamishia bima mpya kungekuwa kuanza na sifuri, na daktari wake hakuwemo kwenye mipango niliyoiona. Basi yeye tukamwekea COBRA, dola 652.80 kwa mwezi. Mimi na Salma, ambao ugonjwa wetu ni mafua, tukaenda HealthCare.gov, soko la bima la serikali, ambako kupoteza bima ya kazini kunakufungulia mlango kwa siku 60. Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, tulijaribu kwanza, kwa sababu iko wazi mwaka mzima. Kipato kilituzidi, lakini wewe jaribu.

Septemba kulikuwa na miadi ya daktari, na sisi bado hatujalipa. Dada wa mapokezi akageuza skrini akatuonyesha: bima imekufa. Nikampa nakala ya barua, nikamweleza, akakubali kuishikilia ankara. Si kila kliniki itakubali. Wengine watadai taslimu, ndipo utunze risiti uombe kurudishiwa. Oktoba tukatuma dola 1,305.60 za miezi miwili, kwa barua ya rejista. Tarehe ya kutuma ndiyo inayohesabiwa, kwa hiyo ile karatasi ya posta ni mali. Baada ya hapo kila mwezi una siku 30 za neema. Ukizipitisha, imekwisha, hakuna cha kubembeleza.

Mzee mmoja wa msikitini kwetu alipostaafu na miaka 66 alidhani COBRA inamtosha, akaiacha Medicare Sehemu B, ile sehemu ya bima ya serikali ya wazee inayolipia madaktari. Kumbe COBRA haihesabiwi kama bima ya mtu aliye kazini. Dirisha la kujiandikisha la miezi 8 tangu aache kazi likampita, sasa analipa faini kila mwezi juu ya ada yake. Kama una mzazi huku aliyefika 65, mwulize leo.

Sisi tuliiacha COBRA mwisho wa Desemba, kwa mpango. Tarehe 1 Novemba soko lilipofunguliwa kwa wote tulimwandikisha mama Salma bima ya kuanzia Januari. Ukiiacha Machi kwa sababu tu imekuchosha, soko halitakufungulia mlango, utakaa bila kitu hadi Januari nyingine.