Re: Paka wanapotea usiku uani, Goba

Habari mkuu, pole sana kwa hao paka. Umesema wamepotea wawili usiku, uani, karibu na korongo, na asubuhi hukuti hata tone la damu. Hapo mimi namwaza chatu kwanza, maana mbwa koko huacha manyoya na vurugu, chatu anameza mzima. Sisi huku Kigamboni kilichotusaidia ni kuwalisha paka ndani jioni tu, ikifika magharibi wanakuja wenyewe wanafungiwa mpaka kupambazuke, ukiwalisha nje wanazoea kuzurura. Halafu zunguka ukuta angalia tundu la kutolea maji, hapo ndo mlango wake, liwekee wavu wa matundu madogo kabisa, ule wa kuku wa kawaida chatu mdogo anapita. Fyeka nyasi, ondoa rundo la matofali, na pumba za kuku zisimwagike maana panya wakija nyoka anafuata. Watoto wa paka hata mchana wasiachwe peke yao, kenge na mwewe wanawabeba. Ukimwona chatu usimpige, mwangalie kwa mbali uwapigie watu wa maliasili. Na paka akirudi na jeraha la kung'atwa mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, uulizie na chanjo ya kichaa cha mbwa.