Sindano ya mionzi kabla ya upasuaji wa titi: ninayoyaona thieta

Mkuu, umeuliza kama sindano ya mionzi atakayodungwa dada yako huku Uingereza kabla ya kupasuliwa titi itamuunguza, na kwa nini wasikate tezi zote za kwapani wamalize. Mimi ni muuguzi wa thieta hukuhuku, upasuaji huu nimeuandalia vyombo mara nyingi.

Haiunguzi. Hiyo si tiba ya mionzi. Ni teknetiamu 99m, kemikali yenye mionzi, kidogo sana, na nguvu yake hupungua nusu kila saa 6 hivi, ndiyo maana anadungwa siku ileile au ya kuamkia. Kazi yake ni kufuata njia ambayo saratani ingepita ikitoka kwenye titi, ikatua kwenye tezi ya kwanza. Tezi hiyo ikiwa safi, za nyuma yake kwa kawaida ni safi pia.

Akishapigwa nusu kaputi, daktari huchukua kijiti cha kunusa mionzi, kinene kuliko kalamu, kimevikwa mfuko safi wa plastiki, anakipitisha kwapani polepole. Mashine inakwaruzakwaruza tu, halafu ghafla inalia mfululizo. Hapo ndipo anapopasua, mkato mdogo. Shida huja uvimbe ukiwa karibu na kwapa: pale penye sindano panalia kuliko tezi, basi inabidi akigeuze kijiti kisielekee titi. Tezi ikitoka naishika kwa koleo mbali na mgonjwa, inapimwa mionzi peke yake, na thieta nzima inanyamaza kusubiri namba. Kisha kijiti kinarudi kwapani. Mionzi iliyobaki huko ikiwa chini ya asilimia 10 ya namba ile, wengi wanaishia hapo. Mara nyingi ni tezi 1 hadi 3.

Kabla David Krag wa Marekani na wenzake hawajachapisha njia hii kwa saratani ya matiti mwaka 1993, kwapa lilikuwa linafagiliwa lote. Nimewahudumia kina mama wa aina hiyo. Mkono umevimba, pete haivuki kidole, blauzi inachanwa mshono upande mmoja. Huko si kumaliza, mkuu.

Ila kama tezi zake zilishachomwa sindano ya kuchukua sampuli zikakutwa na saratani, mpango unaweza kuwa mwingine, amuulize daktari wake.

Na wakimdunga rangi ya buluu ya kuonyesha tezi pia, atakojoa kijani. Kuna mama nilisahau kumwambia. Alibonyeza kengele ya wodi saa tisa usiku, akilia kwamba figo zimekufa.